Lori Likikosa Moto Mlimani

Lori la zamani lenye injini ya petroli laweza kwenda vizuri kabisa katika tambarare likiwa tupu. Kisha likipakiwa magunia ya mahindi na kuanza kupanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, injini hutikisika, nguvu hupungua, na mlio wa ekzosi hukatika-katika. Dereva hupunguza gia, hukanyaga petroli, wala hali haibadiliki. Akifika mjini fundi hutia plagi mpya, na lori huenda vizuri kwa siku mbili. Siku ya tatu ugonjwa umerudi. Ndipo hununuliwa kabureta, halafu koili, na fedha za mavuno huishia dukani huku sababu yenyewe haijaguswa.

Wala hasara si ya fedha za vipuri tu. Petroli isiyowaka huosha oili iliyo kwenye kuta za silinda, kisha huteremka chini ya injini na kuifanya oili yote kuwa nyepesi. Ringi na beringi huliwa upesi. Tena lori lililojaa mzigo likizimika katikati ya mlima, maisha ya watu yamo katika breki ambazo pengine nazo ni kuukuu.

Chukua mfano wa Bedford aina ya O, lori lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1939, ambalo katika miaka ya 1950 lilikuwa likibeba mazao na abiria sehemu nyingi za Kenya. Injini yake ina silinda sita, nazo huwaka kwa zamu. Kabla ya kufungua kitu chochote yapasa kujua jambo moja: je, ni silinda ile ile isiyowaka, au moto hukosekana mara hapa mara pale? Wengi hulipita swali hili upesi, nalo lina thamani kuliko vipuri vyote vya dukani.

Jibu lake hupatikana injini ikinguruma polepole. Fundi hutwaa bisibisi yenye mpini mkavu wa mbao, akagusisha chuma chake kwenye kichwa cha plagi na kwenye chuma cha injini, ili moto wa plagi hiyo upotee. Injini ikilegea, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika hata kidogo, ndiyo mvivu. Basi plagi yake na ihamishiwe silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, plagi ni mbovu. Ukibaki pale pale, waya utazamwe, kisha mambo ya ndani.

Kwa mambo ya ndani hendeli ya mkono ni chombo bora. Swichi ikiwa imefungwa, injini huzungushwa pole pole, na mkono huhisi kila silinda ikifinya hewa. (Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, maana hendeli ikipiga nyuma huweza kuvunja mkono.) Silinda iliyo laini haifinyi vyema. Kijiko cha oili kikimiminwa katika tundu la plagi na ugumu ukarudi, ringi zimekwisha. Usiporudi, yaelekea valvu haifungi sawasawa, labda kwa kukazwa mno. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa laini pamoja, gasketi ya kichwa imeungua kati yao.

Lakini ugonjwa wa kuhamahama ni mgumu zaidi. Petroli yenye maji au vumbi huuleta, kadhalika na hewa iingiayo kwa siri kwenye kiungo cha manifoldi. Hata nchi yenyewe huhusika: kabureta iliyorekebishwa Mombasa hutoa petroli nyingi mno katika hewa nyepesi ya Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Plagi hushika masizi makavu, nazo hulaumiwa bure.

Hayo yakiwa sawa, umeme ndio wa kushukiwa. Usiku wa giza boneti na ifunguliwe injini ikienda: waya uliochakaa huonyesha cheche za samawati zikirukia kwenye chuma. Koili mbovu mara nyingi hukataa ikisha kupata joto, ikapona ikipoa. Kondensa ikifa, pointi huungua na moto huwa dhaifu.

Hapa ndipo siri ya zile siku mbili inapofunuliwa. Plagi mpya ni safi, na ncha zake ni kali. Moto dhaifu huweza kuruka kati yake. Ikishika masizi kidogo, hauruki tena. Na mlimani, petroli ikikanyagwa sana, hewa hufinywa kwa nguvu zaidi ndani ya silinda, na cheche huhitaji umeme mkubwa zaidi ili iruke. Ndiyo sababu lori tupu halina neno.

Tena kuna ubovu mmoja unaosahauliwa sana katika injini za zamani. Kifuniko cha distributa na rota vikiisha kuondolewa, ncha ya shafti na ishikwe kwa vidole na kutikiswa kando kando. Ikicheza, bushi zake zimeliwa. Shafti hiyo huyumba inapozunguka, na pengo la pointi lililopimwa kwa uangalifu asubuhi huwa pana kwa silinda moja na jembamba kwa nyingine. Hakuna plagi wala koili itakayoponya jambo hilo. Bushi mpya hutiwa, shafti nayo hubadilishwa ikiwa imelika, kisha pengo hupimwa upya kwa hesabu ya kitabu cha lori, na baada ya pengo wakati wa moto hurekebishwa, maana pengo likibadilika wakati nao hubadilika.