Mhusika Asife Bure: Somo la Meza Yetu ya Kambove



Wengi mmeniuliza ule mchezo wetu wa Jumamosi hapa Kambove ni wa namna gani. Si karata, wala si wa simu. Watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake, na mimi msimamizi naeleza dunia ile na hatari zake. Mchezaji anasema anachofanya. Pale ambapo matokeo hayajulikani, tunatupa dadu. Wanaokumbuka kundi la Mufwankolo la Lubumbashi wataelewa upesi. Mwaka 1986 waigizaji wale walitunga mchezo mzima juu ya neno "le pouvoir se mange entier" bila maandishi ya kushika mkononi: walizungumza, wakapatana, kila mmoja akatafuta maneno yake. Sisi pia ni vile, ila kwetu dadu linaweza kuua.

Hapo ndipo nilipokosea.

Mwaka jana nilitunga hadithi ya wachimbaji katika mgodi wa zamani. Mdogo wangu mmoja wa mtaani aliingiza mhusika wake shimoni. Nikatupa dadu mara moja, likatoka 2. Nikasema, "Udongo umeanguka. Umekufa." Wenzake wakacheka kidogo, hadithi ikaendelea. Yeye akaniangalia:

"Yaya, mi sikuchagula kintu. Njo kufa vile?"

Akaondoka. Usiku ndipo nikakumbuka: kaka yake wa kweli alifunikwa na udongo. Nilikaa kwenye kilio kile mimi mwenyewe.

Kesho yake nikaenda kwao kuomba radhi. Nilidhani atataka mhusika wake afufuke. Hapana. Aliniuliza tu, "Juu ya nini hakuna mutu alienda kumutafuta?"

Tangu siku ile nafuata mambo manne.

Kwanza, hatari naionyesha mapema. Nguzo inalia, vumbi linadondoka. Mchezaji akiyaona hayo na bado akaingia, kifo kile amekichagua. Asipoonyeshwa, ni mimi nimemuua.

Pili, dadu moja lisimmalize mtu. Angalieni kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014. Mhusika akiishiwa nguvu hafi palepale kwa kawaida. Kila zamu yake inapofika anatupa dadu la pande 20: 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri tatu, ametulia. Shari tatu, amekufa. Ikitoka 1 ni shari mbili, ikitoka 20 anaamka. Wengine wanaona bahati tu pale. Mimi naona muda. Kati ya kuanguka na kufa, wenzake wana kazi: wanaweza kukimbia kumwokoa, na wanalazimika kuchagua kati ya adui aliye mbele na ndugu aliye chini.

Tatu, dadu silifichi. Nikidanganya leo ili kumwokoa rafiki mmoja, siku mwenzake atakapokufa nitamjibu nini? Kama siko tayari kukubali jibu la dadu, bora nisilitupe.

Nne, kabla ya hadithi kuanza namuuliza kila mmoja, peke yake ikibidi, ni kifo gani hataki kukiona mezani. Sababu simuulizi. Hili ndilo ningelifanya kabla ya yote.

Jumamosi iliyofuata nilimuuliza mdogo wangu kama anataka tuiache hadithi ile kabisa. Akasema tuimalize. Basi tulianzia palepale shimoni. Mhusika hakufufuka. Wenzake walichimba zamu kwa zamu, wakamtoa, wakamrudisha kwa mama yake. Tukakaa kilio palepale mezani, kila mhusika akasema neno lake juu ya marehemu. Hakuna aliyecheka. Ilichukua saa nzima, na dadu halikutupwa hata mara moja.

Kisha mdogo wangu akaomba karatasi mpya. Akaandika mhusika mwingine: mdogo wa marehemu, aliyekuja kuchukua taa ya kaka yake.

Karatasi ile ya kwanza hatukuitupa. Iko ndani ya sanduku la madadu.

Jumamosi hii tunaanza saa nane. Anayetaka kuja, kiti kiko.