Wakili wa Serikali katika Shauri la Shamba

Mzee mmoja wa parokia yangu aliniletea bahasha yenye uamuzi wa mahakama. Alikuwa ameishtaki halmashauri ya kijiji chake kwa kumgawia mtu mwingine sehemu ya shamba lake, na shauri lilifutwa kabla ya shahidi hata mmoja kusikilizwa. Hakuwa ametoa notisi ya siku 90, wala hakumwunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. “Baba Paroko,” akaniuliza, “Mwanasheria Mkuu ameingiaje shambani kwangu?”

Kwa sheria zetu za ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, nayo imewekwa chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Halmashauri ya kijiji huisimamia ardhi ya kijiji, haiimiliki. Mdhamini akishtakiwa, lazima awepo wa kumsemea. Ndiyo kazi ya Mwanasheria Mkuu, mshauri wa Serikali katika sheria, na ya Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoanzishwa mwaka 2018 kuendesha mashauri ya madai.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalizihusisha waziwazi na serikali za mitaa. Anayezishtaki sharti atoe notisi, nakala impate Mwanasheria Mkuu, kisha amwunganishe katika shauri litakalofunguliwa Mahakama Kuu. Asipofanya hivyo, mwenendo wote unabatilika. Faida yake naiona: mali ya umma haipotei kwa sababu mwenyekiti hakujua kujitetea, au alikula njama na mdai. Lakini kwa mkulima, siku 90 ni karibu msimu mzima wa mahindi, na Mahakama Kuu ni nauli.

Hata hivyo notisi si kikwazo tu. Humpa wakili wa Serikali nafasi ya kulisoma jalada na, akiona kijiji kimekosea, kushauri haki irudishwe nje ya mahakama. Anayesubiri tu kushinda kwa kasoro ya utaratibu humsahau mteja wake halisi, kwa maana mzee huyu naye ni mmoja wa wananchi ambao ardhi inadhaminiwa kwa niaba yao.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mmoja wao amemsaidia kuandika notisi mpya. Siku zake zitatimia baada ya Pasaka.