Jua la Saa Tatu: Mwanafunzi Mgeni na Saa ya Mwili Wake

Kila uingiapo mwezi wa Septemba, vijana wengi wa Tanzania, Kenya na nchi za jirani huwaaga jamaa zao wakaenda kusoma katika vyuo vikuu vya Uchina, na yule aliyepangiwa Beijing, baada ya kukesha angani na kubadilisha ndege katika mji asioujua, hushuka akiwa na shauku ya kuona kila kitu kwa siku moja: vichochoro vya kale vilivyopakana na kuta za matofali ya kijivu, ziwa la Kunming katika Kasri ya Kiangazi, na, akiwa Mwislamu, msikiti wa Niujie ambao kuasisiwa kwake hutajwa kuwa ni mwaka 996. Nataka kumwambia kijana huyo, na kuwaambia wazazi waliomsindikiza uwanjani kwa dua, kwamba matembezi hayo si anasa ya kuahirishwa mpaka atakapopumzika. Ni tiba, nayo ina saa yake, na saa hiyo ikikosewa tiba huweza kuirefusha taabu iliyokusudiwa kuondolewa.

Taabu yenyewe hutokana na tofauti ya saa 5. Beijing iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa kiasi hicho, na ijapokuwa saa ya mkononi hurekebishwa mara moja, saa iliyomo mwilini haitii amri kwa wepesi huo. Saa tano ya usiku, wenyeji wanapozima taa, kiwiliwili cha mgeni bado kipo saa kumi na mbili ya jioni na hakina habari ya kulala. Na darasa la saa mbili asubuhi humkuta katika saa tisa ya usiku wake, macho yakiwa mazito na fahamu ikiwa mbali. Tumbo hudai chakula wakati jiko la chuo limefungwa, choo huwa kigumu, na jina la mtu aliyejulishwa jana humpotea. Wazee wetu waliovuka bahari kwa merikebu hawakuijua adha hii. Twiga wa Malindi aliyefikishwa barazani kwa Mfalme Yongle wa Uchina mwaka 1415 alisafiri muda mrefu baharini, jua likimbadilikia kidogo kidogo, siku kwa siku. Ni ndege tu iliyoweza kumvusha kiumbe haraka kuliko mwili wake uwezavyo kumfuata.

Kwamba viumbe vina saa ndani yao ni jambo lililodhihirishwa kwanza na mmea ambao watoto wa pwani wameuchezea tangu zama na zama, yaani kifaurongo. Mwaka 1729 mtaalamu wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka gizani mmea wa jinsi hiyo, akaona kwamba majani yake yaliendelea kukunjuka mchana na kukunjika usiku ingawa jua halikuyafikia. Zaidi ya karne mbili baadaye, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young wa Marekani, kwa kuchunguza nzi wadogo wa matunda, walifichua jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo ndani ya seli, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Kwa binadamu saa kuu imo ubongoni, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, katika vifungu viwili vidogo vyenye seli za neva zipatazo 20,000. Ini, tumbo, figo na moyo vina saa zao pia, navyo huifuata saa kuu kama wapiga ala wa taarabu wanavyomsikiliza kiongozi wao. Lakini safari ndefu ikishaivuruga, kila kiungo huchukua siku zake katika kurudi kwenye mwendo mmoja.

Kinachoirekebisha saa kuu kuliko kitu kingine chochote ni nuru. Nyuma ya jicho, pamoja na seli zitupazo kuona, zimo seli chache ambazo kazi yake kubwa ni kuuarifu ubongo kama ni usiku au mchana. Zina kemikali iitwayo melanopsini, na huamshwa zaidi na mwanga wa rangi ya samawati, ambao mbingu za mchana zimejaa. Nuru hiyo ikiingia, melatonini, homoni iutangazayo usiku mwilini, huzuiwa isitoke. Lakini hapa pana jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui, nalo ni kwamba taathira ya nuru hutegemea wakati inapopokelewa. Mwili wa kila mtu hupoa ukafika joto lake la chini kabisa aghalabu saa mbili au tatu kabla ya wakati wake wa kawaida wa kuamka. Nuru ipatikanayo kabla ya kipeo hicho huichelewesha saa ya mwili. Ipatikanayo baada yake huiwahisha.

Tumchukulie binti wa Tanga aliyezoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Mwili wake hupoa kabisa takriban saa tisa au saa kumi ya usiku, ambayo Beijing ni saa mbili au saa tatu asubuhi. Siku ya kwanza akijihimu alfajiri, akatoka kulilaki jua la saa kumi na mbili kwa nia njema ya kuuzoeza mwili desturi ya wenyeji, huuzoeza kinyume. Kwani kwa mwili huo ni saa saba ya usiku, nao huipokea nuru hiyo kama mwito wa kuchelewa, ilhali yeye anahitaji kuwahi kwa saa tano nzima. Afadhali asubuhi ile abaki ndani, pazia likiwa limeshushwa, au akilazimika kutoka avae miwani ya jua. Kisha saa tatu ipitapo aivue, atoke, atembee mpaka adhuhuri, akiyajua masoko, vituo vya treni na njia za kwenda darasani. Siku ya pili aweza kutoka mapema kidogo, na ya tatu mapema zaidi, kwa kuwa saa ya mwili husogea kiasi cha saa moja kwa siku, na pengine chini ya hapo. Mzunguko wake wa asili huzidi saa 24 kwa dakika chache, kwa hiyo kuichelewesha ni rahisi kuliko kuiwahisha, na ndiyo sababu safari ya mashariki hulemea kuliko ya magharibi.

Kutoka nje ni sharti. Siku hizo humezwa na foleni za kuandikishwa chuoni, kupimwa afya na kufungua hesabu ya benki, shughuli ambazo zote ni za ndani ya majumba, na taa za ndani, ijapokuwa jicho huziona kali, hutoa aghalabu lux 500 au chini yake, ilhali nje, hata chini ya mawingu, mwanga huweza kufikia lux 10,000. Chakula kiliwe kwa saa za wenyeji, kwa sababu ini na tumbo hujifunza kwa mlo. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Kahawa na chai viachwe baada ya adhuhuri, maana saa tano baada ya kunywewa karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Tena kuna simu ya nyumbani, ambayo siwezi kumlaumu mtu kwa kuipenda. Mama hupiga baada ya isha, saa tatu, kazi zikiwa zimekwisha, nako Beijing ni saa nane ya usiku. Mtoto hushika simu gizani, mwanga wake machoni na sauti za kwao masikioni, na mwili wake hubaki Tanga usiku mwingine. Wakubaliane basi wazungumze saa mbili ya usiku ya Beijing, ambayo kwa mama ni saa tisa alasiri.

Barabarani awe mwangalifu maradufu. Kwetu magari hupita kushoto, huko hupita kulia, na akili iliyokosa usingizi hurejea katika mazoea yake. Atazame kushoto kwanza kabla ya kuvuka, akikumbuka kwamba pikipiki za umeme hupita bila sauti.

Huzuni pia itamjia. Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu mjini Basel, aliyaandikia maradhi ya kutamani nyumbani tangu mwaka 1688, na hakuna aibu katika kuyapata. Lakini ukosefu wa usingizi huikuza kila huzuni na kuipunguza kila subira, na kwa hiyo namsihi mwanafunzi asikate shauri la kurudi, wala asijihukumu kuwa hafai kusoma, mpaka mwili wake utakapoutambua usiku wa mji ule.

Yote hayo hupungua siku hadi siku. Homa ni jambo jingine, nayo isisingiziwe safari. Mbu aliyemuuma wiki aliyoondoka huweza kuwa amemwachia vimelea vya malaria ambavyo hudhihiri baada ya wiki moja hadi nne, pengine zaidi, na tabibu wa huko huenda asiufikirie ugonjwa huo, kwani Shirika la Afya Duniani liliitangaza Uchina kuwa nchi isiyo na malaria mwezi wa Juni 2021. Dawa yenyewe haikosi asili hapo hapo: Tu Youyou, aliyefanya kazi yake Beijing, ndiye aliyeongoza kuipata artemisinini kutoka katika mmea wa jamii ya pakanga, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na dawa mseto tunazozitumia kwetu zimejengwa juu yake. Mwanafunzi akipata homa katika miezi ya mwanzo aende hospitali siku ile ile, na kabla hajaulizwa aseme kwamba ametoka katika nchi yenye malaria, ataje tarehe aliyoondoka, na aombe damu yake ipimwe.