Kipandikizi cha Jino kwa Mwenye Taya Jembamba: Yafahamu Haya Kabla ya Kulipa

Jino likishang'olewa, mfupa uliolishikilia huanza kupungua, hasa kwa upana. Sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza, na baada ya mwaka 1 pengo laweza kuwa limepoteza karibu nusu ya upana wake. Ndiyo sababu mtu aliyekaa na pengo kwa muda mrefu huambiwa kuwa taya lake ni jembamba.

Kipandikizi ni skrubu, aghalabu ya titani, inayokazwa mfupani ili ibebe jino la bandia. Kile cha kawaida kina kipenyo cha milimita 4 hivi, na sharti kila upande wake ubaki mfupa wa angalau milimita 1. Upana ukiwa chini ya milimita 6, uamuzi hutaka uangalifu. Picha ya kawaida ya eksirei haionyeshi upana huo. Dai skani ya pande tatu kabla ya kukubali lolote.

Daktari aweza kupendekeza kipandikizi chembamba, cha chini ya milimita 3.5. Hukuepusha na upasuaji wa ziada, lakini chembamba huvunjika kwa urahisi zaidi, hususan penye magego. Aweza pia kuupasua ukingo wa taya na kuutanua, au kuongeza mfupa, jambo ambalo huweza kuchelewesha kipandikizi kwa miezi 4 hadi 6, pengine zaidi. Uliza mfupa huo unatoka wapi: mwilini mwako, kwa binadamu mwingine, kwa ng'ombe, kwa nguruwe, au kiwandani. Swali hili husahaulika, ilhali kwa wengi linagusa imani. Nawe mweleze daktari iwapo unavuta sigara, una kisukari, au unatumia dawa za kuimarisha mifupa.

Bei inayotangazwa huenda ikawa ya skrubu peke yake. Takia maandishi yenye gharama ya skani, mfupa, kiungo na jino lenyewe, na yanayosema nani atalipa kipandikizi kisiposhika. Omba pia lebo yenye jina la mtengenezaji, aina na namba ya toleo, kwa kuwa daktari mwingine atakayekihudumia miaka ijayo atahitaji vipuri vinavyooana nacho.

Ganzi ikiisha muda wake na mdomo wa chini au kidevu bado hakina hisia, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani huenda mshipa wa fahamu umebanwa.