Karata Haimjui Bingwa

Kila mgeni anayeketi kwenye meza ya poka humuuliza mgawa karata swali lile lile: hivi dada, huu mchezo ni bahati au ni akili? Nilipokuwa nagawa karata kwenye kasino moja ya Dar es Salaam niliwajibu kwa tabasamu tu, maana mwiko wa kazi ile ni kutoa maoni. Mgawa karata anatakiwa awe na mikono, mdomo auache nyumbani. Sasa kazi hiyo nimeiacha na mdomo wangu nimerudishiwa.

Nianze kwa kuitenga poka na michezo mingine iliyomo kwenye jengo lile lile, kwa sababu watu huihukumu yote pamoja. Chukua ruleti, lile gurudumu lenye kigololi. Lina namba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Weka shilingi 1,000 juu ya kila namba na utakuwa umetoa 37,000. Lazima namba moja ishinde, nawe utarudishiwa 36,000. Ile 1,000 iliyopotea ndiyo inayolipa umeme, walinzi na mshahara wangu. Cheza utakavyo, vaa shati la bahati, andika namba kwenye daftari usiku kucha, hesabu hiyo haibadiliki. Kwenye ruleti hakuna bingwa, kuna waliowahi kuondoka tu.

Poka haiko hivyo. Kasino haichezi, inakodisha meza na kukata chake pembeni. Pesa unayoitamani iko mikononi mwa watu mnaotazamana nao, na wao wanaitamani yako. Kwa hiyo swali la akili lina maana, kwa kuwa kuna mtu wa kumzidi akili.

Aina inayochezwa zaidi duniani inaitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Kisha mezani zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila zinapofunuliwa watu wanaweka dau, wanapandisha, au wanatupa karata zao na kujitoa. Mwenye mkono bora anachukua kilichorundikwa katikati. Lakini, na hapa ndipo wengi waliolelewa na mchezo wa wahedi wa sitini huchanganyikiwa, ukiwatisha wenzako wote wakatupa, unachukua kila kitu bila kuonyesha ulichoshika. Vijana wa mjini wanaita kupiga mkwara. Kwenye poka, mkwara ni sehemu halali ya mchezo.

Mashindano nayo yana utaratibu wake. Kila mtu analipa kiingilio sawa, anapewa kete sawa, na kete si fedha: zikikuishia umetoka, huna cha kubadilisha dirishani. Kuna dau la lazima ambalo wachezaji wawili huliweka kabla ya karata kugawiwa, kwa zamu, na dau hilo linapandishwa kila baada ya muda ili watu wasikae wakisubiri karata nzuri hadi asubuhi. Mara nyingi washindani kama 15 kati ya kila 100 ndio wanaoambulia zawadi, na sehemu kubwa inakwenda kwa wachache wa juu. Wengine wote wanarudi nyumbani na hadithi.

Mashindano makubwa kuliko yote ni World Series of Poker ya Las Vegas, yaliyoanza mwaka 1970 katika kasino ya Benny Binion. Kiingilio cha shindano lake kuu ni dola 10,000. Ya mwaka 2003 ndiyo ninayopenda kuisimulia, kwa sababu kila anayebishana kuhusu bahati na ujuzi huichota hoja yake humo humo.

Mwaka huo walijiandikisha watu 839. Mmoja wao alikuwa Chris Moneymaker, mhasibu wa miaka 27 kutoka Tennessee. Jina hilo ni lake la kweli. Hakuwahi kucheza mashindano ya ana kwa ana; nafasi yake aliipata kwenye shindano dogo la intaneti lenye kiingilio cha dola 86. Walipobaki kumi alikutana na Phil Ivey, kijana aliyekuwa tayari anaogopwa. Moneymaker alishika ree na malkia. Ivey alishika tisa mbili. Mezani zikafunuliwa malkia wawili na sita, kwa hiyo mhasibu akawa na malkia watatu. Karata ya nne ikawa tisa. Ghafla Ivey ana tisa tatu na malkia wawili, mkono mkubwa, na kete zake zote zikaingia katikati.

Hapo hesabu inakuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Karata zilizokuwa hazijaonekana ni 44. Za kumwokoa Moneymaker ni ree tatu, malkia mmoja aliyebaki, na sita tatu: saba. Saba kati ya 44 ni kama asilimia 16. Karata ya mwisho ikawa ree. Ivey akasimama, akaondoka wa kumi. Hakukosea chochote. Kati ya mara sita angeshinda tano, na siku ile ilikuwa ile ya sita.

Basi, ni bahati? Subiri. Wakabaki wawili, Moneymaker na Sam Farha, mzaliwa wa Beirut, mchezaji wa fedha nyingi ambaye sigara isiyowashwa haikumtoka mdomoni. Mezani karata zote tano zilikuwa zimeshafunuliwa. Farha alikuwa na pea ya tisa, kubwa kuliko pea yoyote ambayo karata za mezani zingeweza kumpa mpinzani wake. Moneymaker alikuwa na mfalme na saba ambazo hazikuungana na kitu. Hakuwa na mkono kabisa. Akasukuma kete zake zote. Farha akatafakari, akatafakari tena, akatupa. Mhasibu akachukua rundo kwa karata zilizoshindwa, na baadaye akachukua ubingwa na dola milioni 2.5.

Ree ile ilikuwa zawadi, mkwara ule ulikuwa kazi. Ondoa kimojawapo na leo jina la Moneymaker lisingejulikana nje ya ofisi yake.

Kuna hesabu nyingine niliyoipenda tangu nilipoipiga nyuma ya risiti usiku ambao meza yangu ilikuwa tupu. Ili mtu mmoja amalize akiwa na kete zote za watu 839, inabidi kete zake zijizidishe mara mbili karibu mara kumi. Tuseme kila mara anaziweka zote katikati. Anayebahatisha tu, nusu kwa nusu, atavuka vizingiti vyote kumi mara moja katika majaribio 1,024. Sasa mchukue bingwa wa ajabu, ambaye kila akiweka kete zake zote ana nafasi nne kati ya tano za kushinda. Mtu wa namna hiyo hayupo, lakini tumpe. Atavuka vizingiti kumi kwa asilimia 11 tu. Ujuzi umemwongezea nafasi zaidi ya mara mia, na bado katika kila mashindano tisa anatolewa mara nane. Mwaka 2023 walioingia walikuwa 10,043, na vizingiti vikapita kumi na tatu.

Ndiyo maana wajuzi wa kweli hawapendi kuweka kete zote katikati hata wakiwa na karata nzuri. Wanajenga rundo lao kidogo kidogo, kwa mikono ambayo hakuna anayeonyesha karata. Kwenye meza yangu mchezaji mzuri nilimjua kwa wingi wa karata alizozitupa. Anapokea, anachungulia, anatupa. Anapokea, anatupa. Jirani yake anacheza kila mkono kwa sababu amelipia kiti na hataki kuchoka. Saa mbili baadaye jirani huyo ananiangalia kwa hasira: "Dada, leo umeniua." Mimi nimegawa tu. Katika muda wote ule sikumsikia hata mmoja aliyeshinda akiniambia, dada, leo nimebahatika.

Anayetaka ushahidi kwamba ujuzi upo amtazame mtu mwingine aliyekuwa kwenye meza ya mwisho ya 2003. Dan Harrington alikuwa bingwa wa mwaka 1995. Mwaka 2003 akamaliza wa tatu kati ya watu 839. Mwaka 2004 wakaja watu 2,576, naye akamaliza wa nne. Sina namna ya kuieleza hiyo kwa bahati peke yake, na sijakutana na mwenye namna.

Wachumi nao waliligusa jambo hili. Steven Levitt na Thomas Miles wa Chuo Kikuu cha Chicago walichambua matokeo ya World Series ya mwaka 2010. Waliwatenga wachezaji 720 waliokuwa wametambuliwa kabla ya mashindano kuwa ni hodari, wakawalinganisha na wengine wote. Hodari walipata faida ya zaidi ya asilimia 30 ya viingilio vyao. Waliobaki walipoteza asilimia 15. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Lakini wale wale wachumi walipompambanisha hodari mmoja na mchezaji wa kawaida mmoja, kuona nani alifika mbali zaidi katika shindano moja, hodari alimshinda mwenzake takriban mara 55 tu kati ya 100. Takwimu zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na anayeshika moja akaiacha nyingine anakudanganya.

Mahakama hazikuwa na subira hiyo. Mwaka 2012 jaji Jack Weinstein wa New York, katika kesi ya mtu aliyekuwa akiendesha meza za poka huko Staten Island, aliwasikiliza wataalamu na kuamua kuwa poka inatawaliwa zaidi na ujuzi, hivyo sheria ya kamari aliyoshtakiwa nayo haimgusi. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu kwa kusoma sheria yenyewe, bila kujali sana nani mjuzi. Mama yangu, ambaye hajawahi kufika New York, angeafikiana na mahakama ya rufaa kwa haraka zaidi: kwake dau ni dau, uwe na akili usiwe nayo.

Jambo moja linapuuzwa: kasi ya lile dau la lazima. Katika shindano kuu la Las Vegas kila ngazi hukaa saa mbili, mchezo unachukua siku nyingi, na mjuzi ana nafasi ya kusubiri na kusoma watu. Katika vishindano vya jioni moja, dau linapanda kila baada ya dakika chache, na muda si mrefu kila mtu analazimika kusukuma kete zake na kuomba Mungu. Karata ni zile zile, kanuni zile zile, lakini kadiri saa inavyokimbia ndivyo ujuzi unavyobanwa kona. Mtu akikuambia amekuwa bingwa wa shindano la saa tatu, mpongeze, kisha kaa na pesa yako.

Kwa hiyo jibu ambalo sikuruhusiwa kulitoa ni hili. Bingwa wa shindano moja anachaguliwa na bahati, kutoka kwenye kundi ambalo ujuzi umelipunguza. Atakayebaki na pesa baada ya miaka anachaguliwa na ujuzi, na mtu huyo ni nadra. Phil Ivey, aliyetolewa na ree ile, hadi mwaka 2024 alikuwa ameshinda mashindano 11 ya World Series, na shindano kuu halimo kati yake. Ukiletewa picha ya kijana aliyekumbatia rundo la dola, muulize ameingia mashindano mangapi na amelipa viingilio vya jumla gani. Asipokuwa na hesabu hiyo, usimkabidhi ada yako akufundishe poka.