Mlaji wa peke yake hayumo katika hesabu

Mapema mwezi Februari kila mwaka, wafanyabiashara wa mji wa Utsunomiya, kiasi cha kilomita 100 kaskazini mwa Tokyo, husubiri tarakimu moja kwa hamu kubwa. Tarakimu hiyo hutolewa na Ofisi ya Takwimu ya Japani, nayo huonyesha ni mji gani ambao kaya zake zilitumia fedha nyingi zaidi mwaka uliopita kununua gyoza.

Gyoza ni unga wa ngano uliosukumwa mwembamba kama chapati ndogo, ukajazwa kabichi, nyama ya nguruwe na kitunguu saumu, kisha ukakunjwa umbo la nusu mwezi. Hupangwa katika kikaango cha chuma, maji kidogo yakamwagwa na kufunikwa. Maji yakikauka, upande wa chini hubaki mkavu na wa kahawia. Asili yake ni China. Chakula hicho kilienea Japani baada ya vita kumalizika mwaka 1945, kikiletwa na askari na walowezi waliorudi kutoka Manchuria.

Mwaka 1990 watumishi wa manispaa ya Utsunomiya waligundua kuwa mji wao unaongoza katika takwimu hizo. Mwaka 1993 wenye migahawa wakaunda umoja wao, na chakula cha kawaida kikageuzwa kuwa bidhaa ya kuvutia watalii. Kuanzia 1996 hadi 2010 mji huo ulishika nafasi ya kwanza miaka 15 mfululizo. Mwaka 2011 ukapitwa na Hamamatsu. Mwaka 2021 nafasi hiyo ikaenda Miyazaki, na mwaka 2023 ikarudi Hamamatsu.

Msomaji wa haraka angeweza kuhitimisha kwamba biashara ya gyoza Utsunomiya imeanguka. Hitimisho hilo ni la makosa, na sababu yake inapaswa kujulikana na kila mwenye kuweka fedha zake mahali kwa kutegemea tarakimu.

Nini kinahesabiwa

Uchunguzi huo huhesabu gyoza iliyonunuliwa dukani na kupelekwa nyumbani. Gyoza inayoliwa mgahawani haimo, na ile ya kugandishwa kwa barafu huingizwa katika fungu jingine. Zaidi ya hayo, orodha ya miji hutokana na kaya zenye watu wawili au zaidi.

Sasa mtazame mteja anayeingia peke yake saa moja jioni katika mgahawa aliouzoea Utsunomiya. Anakaa kwenye kaunta, anaagiza sahani moja ya kukaanga na moja ya kuchemshwa, anachanganya siki na sosi ya soya, anakula, analipa na kuondoka. Fedha yake imeingia katika droo, lakini haimo katika orodha, kwa kuwa amekula nje. Kama nyumbani pia anaishi peke yake, basi hata angenunua gyoza dukani na kwenda nayo, orodha isingemwona. Watu wa namna hiyo si wachache. Katika sensa ya mwaka 2020, kaya za mtu mmoja zilikuwa asilimia 38 ya kaya zote za Japani.

Thamani ya kiti kimoja

Kwa mwenye mgahawa, mteja huyo ana faida yake, mradi ukumbi umepangwa kwa ajili yake. Chukua mfano wa ukumbi wenye meza tatu za watu wanne. Wakiingia watu watatu, kila mmoja peke yake, na kila mmoja akachukua meza, viti tisa vimelala. Kwenye kaunta yenye viti 12, watu haohao watatu huacha viti tisa vya kuuza. Mteja wa peke yake akimaliza kwa dakika 20, kiti kimoja kinaweza kuuzwa mara tatu kwa saa.

Jambo la pili ni orodha fupi ya vyakula. Utsunomiya kuna mgahawa maarufu, Masashi, unaouza gyoza ya kukaanga na ya kuchemshwa tu, bila wali wala bia. Aina chache za malighafi hupunguza mali inayooza, na mteja asiye na bia hakawii kuinuka.

Hatari ipo upande wa gharama. Japani huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka Marekani, Kanada na Australia. Serikali huinunua na kuwauzia wenye vinu kwa bei inayorekebishwa Aprili na Oktoba. Yen ikishuka, kama ilipofika zaidi ya 160 kwa dola moja mwaka 2024, gharama ya kuagiza ngano hupanda. Sahani inayouzwa yen mia chache haina nafasi kubwa ya kubeba ongezeko hilo, na mteja anayekuja mara mbili kwa wiki hutambua upesi bei ikibadilika.

Kwa mwenye hisa, kipimo cha kufuata si mashindano ya miji. Kampuni ya Ohsho Food Service, iliyoanzia Kyoto mwaka 1967 na ambayo hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Tokyo, hutangaza mauzo yake kila mwezi. Humo ndimo fedha ya mlaji wa kaunta inapoonekana.

Funzo linavuka biashara ya gyoza. Kabla ya kununua au kuuza kwa sababu ya tarakimu, mfanyabiashara aulize kwanza ni nani aliyehesabiwa na ni nani aliyeachwa nje. Huenda aliyeachwa nje ndiye anayelipa kodi ya pango la duka.