Mwacheni Naye Apande

Mtoto wa West Nile, hapa Uganda, hujua kupanda kabla hajajua kusoma. Miembe imejaa Arua mjini na vijijini, na msimu wa maembe ukifika hakuna anayesubiri ngazi. Nyuma ya nyumba kuna vichuguu, mashambani kuna mawe makubwa yaliyochomoza ardhini, na kwa mbali iko milima yenye majina: Wati upande wa Terego, Liru upande wa Koboko. Masimulizi ya Walugbara huwaweka mashujaa wao wa mwanzo, Jaki na Dribidu, kwenye milima hiyo miwili. Kupanda hapa si jambo lililoletwa na wageni.

Sasa mtazame mtoto aliyekaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Mtindio wa ubongo umemkaza miguu na mkono mmoja. Wenzake wako juu wanaitana na kugombea tawi, yeye anarushiwa embe. Mara nyingi analetewa likiwa limeshamenywa, na dada yake amemchagulia lililoiva vizuri kuliko yote. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Lakini tangu asubuhi hadi jua linazama, hakuna aliyemuuliza kama angependa kulichuma mwenyewe.

Swali hilo ndilo ninalotaka wazazi na walimu wa Arua na Koboko walichukue kwa uzito. Upendo tunaowapa watoto wenye ulemavu ni upendo wa kubeba. Mama humfunga mwanawe mgongoni kwa kitenge akiwa na mwaka mmoja, akiwa na mitano, hata akiwa na minane. Mgongo ukishindwa, mtoto hubaki ndani. Kiti cha magurudumu, kwa familia iliyobahatika kukipata, hukwama kwenye njia za vumbi na mawe zinazoelekea shuleni. Katika miaka yote hiyo mwili wa mtoto umeshughulikiwa na kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Nchi nyingine zimepata jibu moja katika mchezo wa kukwea. Huko hujengwa ukuta wenye vishikio vya rangi rangi, na mtoto mwenye ulemavu hupandishwa kwa kamba. Namna mchezo huo unavyofanyika inafaa kuelezwa, kwa sababu wengi wakisikia habari hii hudhani ni hatari tupu. Mtoto huvishwa mshipi kiunoni na mapajani. Yule ambaye kiwiliwili chake hakijishikilii huvishwa mshipi wa mwili mzima. Kamba huenda juu, hupita kwenye chuma kilichofungwa imara, kisha hurudi chini kwa mtu mzima aliyefundishwa kuishika kwa kifaa cha breki. Mkono ukiteleza, mtoto hashuki ila kidogo, anabaki akining'inia, anapumzika, anajaribu tena. Akiwa mzito kuliko nguvu zake, huongezwa kapi za kumpunguzia uzito, hivyo mtu wa chini anavuta kiasi na mtoto anamalizia. Asiyeona huongozwa kwa sauti: kushoto, juu kidogo, hapo hapo.

Faida haihitaji maneno makubwa. Mkono uliojikunja ngumi lazima ufunguke kwanza ndipo ushike. Mguu uliozoea kuning'inia lazima ukanyage, maana bila kukanyaga hakuna kwenda juu. Mgongo unanyooka kwa sababu kishikio kinachofuata kiko mbali kidogo. Mazoezi hayo ndiyo ambayo mtaalamu wa fiziotherapia humwomba mtoto ayafanye kitandani huku akilia. Ukutani huyafanya kwa hiari, kwa kuwa juu kuna kitu anachokitaka.

Hata hivyo, kwangu mimi kinachozidi yote ni kinachotokea chini ya ukuta. Baba, ambaye katika malezi ya mtoto mwenye ulemavu mara nyingi hujiweka kando na kumwachia mama kila kitu, hufundishwa kuishika kamba. Kazi yake inaeleweka, ina heshima, na haiwezekani kuifanya bila kumtazama mwanawe kila sekunde. Mama, kwa mara ya kwanza siku hiyo, mikono yake ni mitupu. Kaka na dada nao hupanda ukuta uleule, kwa zamu. Hakuna anayekaa pembeni akisubiri kumrushia mwenzake chochote.

Afrika Mashariki ilikwisha kupata somo hili zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kundi la vijana wasioona kutoka Uganda, Kenya na Tanzania lilipanda Kilimanjaro hadi kileleni. Miongoni mwao alikuwemo Mganda Tofiri Kibuuka. Mwaka 1976 Kibuuka aliiwakilisha Uganda katika Paralimpiki ya majira ya baridi huko Örnsköldsvik, Sweden, akishindana kwenye theluji kwa skii, na akawa Mwafrika wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Baadaye aliiwakilisha Norway na kuiletea medali katika riadha. Wale vijana hawakubebwa kupelekwa kileleni. Walifundishwa, wakaongozwa, wakatembea kwa miguu yao. Inasikitisha kwamba jina la Kibuuka halitajwi madarasani kwetu.

Dunia nayo imeendelea. Mashindano ya kwanza ya dunia ya kukwea kwa watu wenye ulemavu yalifanyika Arco, Italia, mwaka 2011, na Juni 2024 ilitangazwa kwamba mchezo huo utaingia Paralimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Huko ni mbali, najua. Mama wa Lobule, kwenye makazi ya wakimbizi wa Kongo wilayani Koboko, hana haja ya medali. Anataka mwanawe aweze kujiinua kutoka sakafuni.

Na watoto hawa si wachache kama tunavyojifariji. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba karibu watoto 3 katika kila 1,000 wanaishi na mtindio wa ubongo pekee. Miongoni mwao wapo walioupata baada ya malaria iliyopanda kichwani, ugonjwa ambao West Nile inaujua vizuri mno. Ongeza wasioona, waliozaliwa na miguu iliyopinda, waliokatwa kiungo, wenye mgongo wazi. Karibu kila shule ya msingi kuanzia Vurra, Arua, hadi Oraba, Koboko, ina mtoto wa namna hii darasani, au yuko mmoja nyumbani asiyeletwa shuleni.

Ukuta mrefu wenye kamba za kitaalamu hauwezi kuja kesho, na tusijidanganye. Kamba ya kukwea hutengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo moja. Ile ya nailoni inayouzwa sokoni kwa kufungia mizigo ya lori isitumike kumning'iniza mtoto hata siku moja. Lakini kupanda hakuanzi kwa urefu. Uganda ilishaonyesha njia katika jambo jingine: viatu vya kurekebisha miguu iliyopinda, vinavyoitwa kwa jina la Michiel Steenbeek, vilibuniwa hapa Uganda ili vitengenezwe kwenye karakana za kwetu, kwa ngozi na chuma, kwa bei ambayo hospitali ya umma inaiweza. Leo vinatumika pia katika nchi nyingine.

Ukuta wa kupandia kwa upande unaweza kufuata njia hiyo. Mafundi wa kuchomelea wa Arua na Koboko hutengeneza grili za madirisha kila siku. Grili pana ikifungwa imara kwenye ukuta wa darasa, vyuma vyake vikiwa karibu karibu, na sehemu zilizochomelewa zikisuguliwa hadi zisikwaruze, inatosha kuanzia. Vyuma vya kushikia vivishwe mpira wa tairi la ndani la baiskeli ili mkono dhaifu usiteleze. Chuma cha kwanza kiwe usawa wa kiti cha magurudumu, mtoto ajivute kutoka hapo. Chini uwekwe mchanga wa kutosha, na miguu ya mtoto isizidi usawa wa goti la mtu mzima. Anakwenda kwa upande, kutoka kona hadi kona, mzazi akiwa nyuma yake mikono wazi, bila kumgusa asipohitaji.

Yapo ya kuangaliwa kabla. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana kifafa pia. Hao wasipande bila ushauri wa daktari. Wenye nyonga zilizochomoka, au mifupa inayovunjika kirahisi, wapimwe na mtaalamu wa fiziotherapia kwanza, na Arua kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Baada ya kupimwa na kuruhusiwa, mtoto aachwe apande. Michubuko atapata, kama wanavyoipata wenzake kwenye mwembe.

Sheria haina tatizo. Katiba ya 1995, ibara ya 35, inalinda haki na heshima ya watu wenye ulemavu. Uganda iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki zao mwaka 2008, na ibara yake ya 30 inataja wazi haki ya mtoto kucheza. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilianza kutumika mwaka 2020. Mwaka huohuo Arua ikawa jiji. Jiji linalopanga masoko na barabara lina wajibu wa kupanga pia mahali pa watoto kuchezea, na Koboko, wilaya tangu 2005, haina sababu ya kusubiri Arua ianze.

Walimu wakuu, kamati za shule, madiwani: fundi yupo, chuma kipo, mchanga upo. Anzeni na ukuta mmoja muhula ujao, na siku ya kuujaribu, waiteni kwanza wazazi wa watoto wenye ulemavu, waje pamoja na watoto wao.